Korti Ghalani

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi akipoteza chombo hazimi moto. Hutafuta kingine, kazi ikaendelea. Mzee Mwirigi wa Kibirichia aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila hakuiamini hadi alipojionea kwa macho yake mawili.

Kiharusi kilimpoozesha mguu mwaka jana. Bintiye Ednah, wakili mjini Embu, alimwomba mwajiri wake ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani ili amuuguze. Mwajiri akamkatalia katakata: aje ofisini au aende zake. Ednah akafunga virago.

Mzee alijilaumu usiku na mchana. "Niliuza mafahali wawili nikusomeshe. Leo mimi ndiye nimekutoa kazini?"

"Kazi haiko kwa jengo, Baba," Ednah alimjibu.

Akafagia pembe ya ghala la viazi, mahali pekee boma zima palipokuwa na mtandao, akaweka meza na kompyuta. Majirani walicheka hadi mbavu zikawauma. Wakili wa viazi!

Mteja wake wa kwanza alikuwa Zuleka, mjane kutoka Meru mjini. Shemejiye alikuwa ameuza kisirisiri jengo ambamo Zuleka aliishi na kuendesha bucha, na mnunuzi angelibomoa Ijumaa. Bila amri ya korti, yeye na wanawe watatu wangelala nje.

Alhamisi asubuhi, kesi ikasikizwa kwa video. Ednah alivaa suti nyeusi na kola nyeupe, miguuni gambuti zenye tope. Zuleka, aliyefika alfajiri, aliketi kando ya magunia ya viazi. Mzee, aliyeketishwa mlangoni, alipomwona hakimu kwenye kioo cha kompyuta alivua kofia upesi. Korti aliyoiogopa maisha yake yote ilikuwa imeingia ghalani mwake!

Ednah alinena bila kutetereka, akitaja sheria kifungu baada ya kifungu. Mara ng'ombe akalia.

"Wakili, nani huyo?" hakimu akauliza.

"Ng'ombe wa babangu, Mheshimiwa. Namuuguza baba nyumbani."

"Endelea, bora huyo asikujibie."

Wakili wa shemeji alipinga weee, lakini hati ya urithi iliyowasilishwa na Ednah, iliyomtaja Zuleka kuwa mrithi wa jengo, ilimfunga mdomo. Hakimu akaamuru jengo lisiguswe hadi kesi iamuliwe.

"Alhamdulillahi!" Zuleka akalia, ameegemea magunia.

Hakimu alipoinuka kuondoka, Ednah na Zuleka wakasimama. Mzee naye akashika fremu ya mlango, akajikokota, akajiinua kwa mguu mmoja huku akitetemeka.

"Baba, keti! Hakimu hakuoni."

"Sijasimama kwa ajili yake," mzee akasema, machozi yakimtiririka. "Nimesimama kwa ajili yako, wakili."

Ednah akamkimbilia, akamshika kwapani. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.