Chungu Kisichotaka Neno

Paukwa.

Pakawa.

Sijasikia. Wale wa mlangoni mmemeza nini? Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa chungu, pakawa moto, pakawa midomo iliyofungwa.

Haya, sogeeni. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele mtashika vinywa.

Hapo kale palikuwa na kijiji katikati ya michikichi. Watu wake walipikia mawese, taa zao ziliwaka kwa mawese, na sabuni yao ilikuwa ya mawese. Mnajua sabuni inavyopikwa, au nyinyi mmezoea kuikuta imeshavaa karatasi? Basi nisikilizeni. Unachoma maganda ya ndizi yaliyokauka, unapata majivu. Majivu unayatia kwenye chungu chenye matundu, unayamwagia maji, na yale yanayodondoka chini ni makali, yanauma ulimi. Hayo unayachanganya na mawese motoni. Unakoroga. Unakoroga. Unakoroga, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ikiwa uji, bado. Ikiwa ugali, tayari. Ukiacha kidogo tu katikati, umepoteza kazi yote.

Tena palikuwa na sharti. Chungu kilizungushiwa mstari wa majivu, na aliye ndani ya mstari hasemi. Aliye nje na aseme atakavyo, lakini aliye ndani, hata akiumwa na siafu, ananyamaza, wala haruki mstari mpaka sabuni igande.

"Sabuni ina haya," walisema wakubwa. "Ikisikia neno la mtu, hujitenga. Mafuta juu, maji chini, wala hairudi tena."

Mlinzi wa sharti hilo alikuwa Bi Mwanvua, bibi wa miaka sabini na kitu. Alikoroga tangu usichana mpaka mkono ukagoma. Ulipogoma, mwiko akampa mjukuu wake Feza, binti wa mwanawe Almasi. Huyo Feza alikuwa na maneno. Nje ya mstari hakuna aliyemweza; muuza samaki akimwona tu alipunguza bei kabla hajasalimiwa. Lakini ndani ya mstari utadhani hana ulimi. Na mkono wake haukuwa na wa pili. Sabuni aliyokoroga Feza haikuwahi kukataa kuganda.

Basi siku moja akaja Bwana Shaweji, akafungua duka. Dukani akapanga sabuni. Za waridi, za kijani, za rangi ya maziwa, na kila moja katika karatasi inayong'aa. Akapita nyumba kwa nyumba akigawa kipande kimoja kimoja, bure. Bure, jamani. Nani anakataa cha bure? Wewe uliyeegemea nguzo, ungekataa?

Wanawake wakafulia. Povu likawafika viwikoni. Harufu ikaenea mpaka kisimani. Feza mwenyewe aliinusa mikono yake siku nzima, wala hakuficha kwamba ameipenda. Lakini wiki haikwisha, sabuni ilikuwa imekwisha. Bi Mwanvua akaanika kanga yake, akaitazama, akasema, "Imenukia. Ila doa la mawese lipo palepale lilipokuwa."

Wakarudi kwenye chungu chao. Sabuni yao ilikuwa nyeusi, haina harufu ya kujivunia, na ukiwa na kidonda inakuuma. Lakini bonge moja lilifua mwezi mzima, na doa likitolewa nayo halirudi.

Shaweji akangoja wateja. Hawakuja. Akaja mwenyewe chunguni, akasimama nje ya mstari, mikono nyuma. Siku hiyo Feza alikuwa anakoroga, bibi anachochea kuni, wenzao wawili wanamimina mafuta. Kimya.

"Nyinyi mnapika kama watu wanaoiba," akasema Shaweji. "Mngekiona kiwanda kinakotoka sabuni yangu. Watu mia. Mitambo inanguruma mpaka ardhi inatetemeka. Wapikaji wamesimama juu ya mapipa, huyu anaimba, yule anatukana, wengine wanasimuliana mambo ya wake zao kutwa nzima. Na sabuni inatoka. Kila ukipepesa jicho, kipande. Igeni, nanyi mfike zama hizi."

Hakujibiwa. Angejibiwaje? Akaondoka amevimba.

Sasa shikeni vinywa vyenu. Shaweji alikaa akafikiri. Chungu hiki sitakishinda kwa bei, akajiambia. Sitakishinda kwa harufu wala kwa maneno. Lakini chungu bila mkono ni kigae tu. Mkono nitauchukua. Nitamwoa Feza, nimhamishe mjini, na mke wa mwenye duka hataonekana na masizi.

Akaenda kwa Almasi na kanzu mpya na katoni moja ya sabuni. Almasi akaijaribu kanzu. Ikamkaa.

"Binti nakupa," akasema Almasi. "Lakini nakuonya, bwana. Yule ana ulimi. Shehe akimwuliza idhini yake, atakukataa mbele za watu, na mimi nitaficha wapi uso?"

"Si kimya cha mwari ndiyo idhini yake?"

"Ndiyo. Lakini huyo hajui kunyamaza."

"Anajua," akasema Shaweji. "Tutamwuliza akiwa ndani ya mstari."

Ndiyo. Mnanitazama nini? Baba yake mzazi. Kwa katoni moja na kanzu. Mimi mwenyewe niliposimuliwa habari hii niliacha kula.

Mwezi wa Ramadhani ukakaribia, na ilikuwa desturi kupika sabuni ya kijiji kizima kabla ya kufunga. Kila nyumba ilitoa kibuyu chake cha mawese. Mjane alitoa, mgonjwa alitoa, hata aliyekuwa hana alikopa akatoa. Vyote vikamiminwa katika chungu kimoja kikubwa, na mwiko akashika Feza. Jua likapanda. Mchanganyiko ulikuwa bado uji, pale pabaya pasipoachika.

Ndipo wakatokea. Shaweji mbele, na shehe aliyemleta kutoka mji wa mbali, asiyejua mambo ya chungu. Nyuma yao mashahidi wawili, na Almasi ndani ya kanzu yake mpya. Wakasimama nje ya mstari.

Shehe alikuwa mtu mwema. Akasalimu, akasema kwa upole, "Feza binti Almasi, baba yako ameridhia uolewe na Bwana Shaweji. Je, nawe umeridhika?"

Feza akainua macho. Akamtazama baba yake, na baba yake akatazama michikichi. Akatikisa kichwa kwa nguvu zake zote. Lakini nani ataona? Anayekoroga chungu kikubwa hutikisika mwili mzima.

"Huo ni mwendo wa mwiko, shehe," akasema Shaweji. "Uliza tena."

Wanawake waliokuwa ndani ya mstari wakatazamana. Walijua wanachokiona. Mmoja akafungua kinywa, akakifunga kwa kiganja. Mafuta ya nyumba arobaini, nani atayalipa?

"Feza binti Almasi, umeridhika?"

Machozi yakamtoka Feza. Akamgeukia bibi yake. Bi Mwanvua alikuwa amechuchumaa na kuni mkononi, uso umempauka. Polepole akainua kidole, akakiweka mdomoni. Nyamaza, mjukuu wangu. Chungu cha watu.

"Ni machozi ya mwari," akasema Shaweji. "Wote hulia. Uliza la tatu tumalize."

Na Feza, mkono unazunguka, akamtazama huyo mtu aliyesimama akijichekea. Akamkumbuka siku ile, mikono nyuma, akijisifia kiwanda chake. Watu mia. Huyu anaimba, yule anatukana. Na sabuni inatoka. Mwiko ukazunguka mara moja. Na sabuni inatoka. Mwiko ukazunguka mara ya pili.

"Feza binti Almasi," akasema shehe, "kwa mara ya mwisho. Umeridhika?"

"Sijaridhika," akasema Feza. "Simtaki."

Jamani, hakuna aliyemtazama Shaweji. Hakuna aliyemtazama shehe. Watu wote walikitazama chungu. Bi Mwanvua akaangusha kuni. Hata Almasi akasogea mpaka kwenye mstari, shingo imemrefuka, kuona mafuta yakipanda juu.

Feza hakuacha kukoroga. "Nasema tena, shehe, usije ukadhani nimeteleza ulimi. Simtaki leo, simtaki kesho, simtaki akivaa dhahabu. Nilinyamaza kwa sababu ya hiki chungu, na wao wanajua. Ndiyo maana wamekuleta saa hii."

Alisema huku akikoroga. Alikoroga huku akisema. Maneno yakatoka, na uji ukawa mzito. Maneno yakatoka, na mwiko ukaanza kuacha njia nyuma yake. Maneno yakatoka, na ikawa ugali, mweusi, unaong'aa, haukujitenga hata tone.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Siku ile mshindo ulikuwa kwamba hakuna lililotokea.

Shehe akamgeukia Shaweji. "Umenitoa kote huko nije kuchukua kimya cha chungu niandike ni kimya cha mtu? Binti amesema. Hakuna ndoa hapa."

"Lakini walisema ikisikia neno inaharibika," akasema Shaweji. Hata yeye alikuwa ameamini. "Mlisema wenyewe."

"Nawe ulisema kwenu wanatukanana juu ya mapipa na inaganda," akajibu Feza. "Nikajiuliza, sabuni yako haina haya, yangu itaipata wapi? Ahsante kwa somo, bwana. Nenda salama."

Mdomo huponza kichwa. Shaweji akaondoka, na dukani kwake nadhani panya walioga vizuri sana mwaka ule.

Sasa wale wanawake. Kwanza mmoja alinong'ona ndani ya mstari, kuona kama kitatokea kitu. Hakikutokea. Wa pili akasema kwa sauti. Halafu wakasema wote kwa pamoja, mambo ya miaka na miaka, wakiviringisha mabonge ya sabuni, wanacheka mpaka wanajishika mbavu.

Bi Mwanvua hakucheka. Alichukua bonge, akalibonyeza kwa kidole gumba. Akalivunja, akatazama ndani. Akachukua la pili. Akachukua la tatu. Yote yameganda.

Feza akamwendea, akachuchumaa. "Bibi, nisamehe. Umenikasirikia?"

"Sikukukasirikia wewe."

"Basi mbona unayavunja mabonge?"

Bi Mwanvua akaliweka bonge chini. "Babu yako aliniposa siku niliyokuwa nakoroga," akasema. "Walisimama hapo, nje ya mstari. Wakaniuliza mara tatu."

Wanawake wakaacha kucheka, mmoja mmoja. Almasi alikuwa bado amesimama pale na kanzu yake mpya, mama yake mbele yake.

"Ukanyamaza?" akauliza Feza.

"Kilikuwa chungu cha watu."

"Na kama ungesema, bibi, ungesema nini?"

Bi Mwanvua alimtazama mwanawe Almasi, akamtazama mjukuu wake, akayatazama yale mabonge meusi yaliyoganda vizuri.

"Ningesema ulivyosema wewe," akajibu.

Ngano nimeipakua, chungu nimekiinamisha. Penye povu nawieni, penye masizi niachieni mimi, ndimi niliyekaa karibu na moto.