Ulimi wa Fisi na Jina la Babu

Mwaka huo mvua ilisusa. Mito ikakauka, madimbwi yakabaki nyufa, na katika nyika nzima kikasalia kisima kimoja. Wanyama wakawa wanakanyagana pale kila asubuhi, mpaka Mfalme Simba akanguruma kwamba lazima apatikane mlinzi mmoja, na neno la mlinzi huyo liwe la mwisho.

"Atapatikana kwa mchezo wa kinyoya," akasema. Mchezo huo wote waliupenda: wavu wa ukindu katikati, raketi mkononi, na kinyoya cha Mbuni kinapigwa huku na huku kisiguse chini. Simba mwenyewe hakucheza. Hakuna aliyewahi kuthubutu kumshinda, kwa hiyo alijihesabu bingwa, akakalia kichuguu awe mwamuzi.

Fisi akajitokeza wa kwanza. "Nikiwa mlinzi," alisema huku akimeza mate, "kila mama atakuja na watoto wake. Nitawahesabu wakiingia."

"Na wakitoka?" akauliza Sungura.

"Wakitoka nitakuwa nimeshiba. Nimechoka, nilitaka kusema."

Sungura alikuwa na watoto saba shimoni, midomo imewapasuka kwa kiu. Moyo ulimpasuka na yeye. "Nami nimo," akasema, na wanyama wakaangua kicheko, maana raketi alikuwa ameishika mara mbili tu tangu azaliwe.

Fisi akaanza na Swala. Swala alikuwa fundi hasa, mkono mwepesi na mguu mwepesi zaidi. Watazamaji wote walikikodolea macho kinyoya, shingo zikienda kulia na kushoto. Sungura hakukitazama kabisa. Kinyoya kikisharuka kimekwisha kuruka. Yeye alimtazama anayekipiga. Akaona jambo: kila Fisi alipotaka kupiga, ulimi ulimtoka kwanza, na upande uliochungulia ulimi ndiko kilikokwenda kinyoya. Ulimi ule ulikuwa na haraka kuliko bwana wake.

Akaona na la pili. Swala alipobakiza alama moja ashinde, Fisi alikohoa, na sauti kichakani ikapaa, "Chui!" Swala akageuka, kinyoya kikamwangukia miguuni, na ufundi wake wote usimfae kitu. Akaja Nyani. Naye alipokaribia kushinda, Fisi akakohoa, kichaka kikasema, "Ndizi!" Nyani akatupa raketi, akaondoka kiwanjani moja kwa moja.

"Nani huyo anayepiga kelele?" Simba akauliza.

"Ni upepo, Mtukufu," Fisi akajibu.

Simba, asiyependa kuonekana hajui upepo, akasema, "Nilijua."

Sungura akazunguka nyuma ya kichaka. Akamkuta Mbweha amejibanza.

"Napumzika tu hapa," Mbweha akawahi kusema.

"Pumzika, shemeji yangu." Sungura akashusha pumzi ndefu. "Mimi nina ombi moja tu. Mtu asije akamtaja marehemu babu yangu. Mbwa wakitajwa sishtuki, nimewazoea. Lakini nikisikia jina la babu, machozi hunijaa, sioni mbele wala nyuma."

"Pole sana. Sasa, ili nisije nikateleza ulimi, marehemu aliitwa nani?"

"Babu Nundu."

"Nundu, kama ile ya ng'ombe?"

"Hiyo hiyo. Alikuwa mnene, maskini."

"Mungu amrehemu," Mbweha akasema, na meno yake yote yakaonekana.

Mchezo ukaanza, wa kwanza kufikisha alama kumi ndiye mshindi. Fisi alipiga kwa nguvu za kuvunja raketi. Lakini ulimi ukichungulia huku, Sungura amekwisha fika huku. Ukichungulia kule, yuko kule anangoja. Fisi hakukohoa. Kwa mchezaji wa juzi, kikohozi cha nini? Alipozinduka, walikuwa tisa kwa tisa. Watazamaji hawakucheka tena, na Sungura aliwawaza wale saba.

Kinyoya kikapaa juu. Fisi akakohoa.

"Nunduuu!" kichaka kikalia. "Nundu! Nundu!"

Sungura hakupepesa jicho. Fisi ndiye aliyegeuka mzima mzima, udenda ukimchuruzika, akatoka mbio kuelekea kichakani. Nyuma yake Sungura akakigusa kinyoya kidogo tu, kikavuka wavu, kikatua chini taratibu.

Fisi hakukiona. Alikuwa anamburuta Mbweha kwa sikio mpaka katikati ya kiwanja. "Iko wapi? Umeila yote peke yako?"

"Nundu gani tena, bwana wangu!" Mbweha akalia. "Umekohoa, nami nikaita, kama ulivyoniagiza! Kama nilivyomwitia Swala! Kama nilivyomwitia Nyani!"

Simba akainuka juu ya kichuguu.

"Kumbe upepo wa leo una mkia," akasema. "Sungura ndiye mlinzi. Fisi na upepo wake watakunywa wa mwisho, kila siku, mpaka mvua irudi."

Jioni, watoto saba walipokwisha kunywa na kulowa hadi masikioni, Fisi alifika akiwa ameinamisha kichwa, watoto wake wakimfuata.

"Karibuni," Sungura akasema. "Nitawahesabu wakiingia, Bwana Fisi. Na wakitoka pia."

Fisi akainama, akanywa matope yaliyobaki. Mchimba kisima huingia mwenyewe.