Mzee Chaula Alivyoshindwa Kuingia Dukani Kwake

Hii nimeletewa asubuhi na shemeji yangu, na nikiibania peke yangu nitakuwa mchoyo. Isome, kisha mpe mwenzio anayetaka kujenga.

Mzee Chaula, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa na kiwanja cha siku nyingi kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda mpakani yanapopita usiku na mchana. Alitaka kujenga jengo la maduka, fremu zote zitazame barabara, na geti pana katikati. Katika mji ule kila mtu hujenga hivyo. "Biashara ni kuonekana," wanasema, na milango ya maduka inakaribia kugusa lami.

Kazi ya kuchora alimpa mhandisi kijana, binti anayeitwa Tumpale. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza, na aliihitaji kweli kweli.

Tumpale alizunguka kiwanja chote, akarudi na jibu lisilopendeza.

"Mzee, huku mbele geti halifai. Magari yataingia kwa shida na kutoka kwa hatari. Njia nzuri ni ya mtaa wa nyuma, ila lazima ipite uwanjani kwa Mama Ndelwa."

Mama Ndelwa ndiye jirani, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Yeye na Mzee Chaula waligombania mpaka wa viwanja vyao zamani, na tangu hapo hata salamu hakuna.

"Kwa yule? Bora nisijenge!" Mzee akafoka, na wapambe wake wakapiga makofi. "Binti, chora geti nilikosema, au nitafute mwingine."

Mimi hapo ningechora, nikala hela zangu. Tumpale hakuchora. Aliomba jambo moja tu: siku ya gulio, mzee aje na gari lake, aingie kiwanjani kama mteja.

Siku hiyo Tumpale alimwaga chokaa chini kuonyesha geti lilipotakiwa. Mzee akaja akiendesha mwenyewe. Akawasha indiketa ya kulia, akasimama katikati ya barabara kungoja nafasi ya kukata. Nafasi haikuja. Mbele fuso, nyuma ya fuso basi, nyuma ya basi lori la mafuta. Nyuma yake mwenyewe foleni ilijaa hadi sokoni, honi tupu.

Utingo mmoja akatoa kichwa dirishani. "Mzee, shikamoo! Unaingia au unapiga picha?"

Watu walicheka. Mara bodaboda aliyebeba mama na mtoto mgongoni akaamua kuipita foleni kwa kulia. Lori la mafuta lilimkosakosa. Gulio zima lilipiga ukelele.

Mzee Chaula aliyaona yote. Akazima indiketa, akaondoa gari, akaenda zake moja kwa moja.

"Umemwaibisha mzee mbele za watu," wapambe wakamwambia Tumpale. "Kusanya vitu vyako." Binti akaanza kukunja kamba zake za kupimia, machozi yakimlengalenga.

Ndipo wakasikia gari nyuma yao. Lilikuwa la Mzee Chaula. Limetokea mtaa wa nyuma, limepita uwanja wa mashine, waya wa mpaka umefunguliwa. Na kwenye kiti cha mbele, kando yake, amekaa Mama Ndelwa na kitenge chake.

Wapambe wakasogea kulipisha.

Mzee akashuka. "Mhandisi, leta chokaa. Geti ni hapa."

"Na ule mpaka, mzee?"

Mama Ndelwa akawahi kujibu. "Mwanangu, miaka yote nilikuwa nangoja aje apige hodi tu. Leo kapiga, kaniomba radhi. Njia tutatumia wote, na malori ya mpunga wangu nayo yapate pa kugeuzia."

Nampenda Tumpale kwa kukataa kuchora asichokiamini. Lakini moyo wangu uko kwa yule mzee, tajiri mzima, aliyekubali mchana kweupe kwamba amekosea, akaenda kubisha mlango ambao aliapa hatausogelea.

Funzo: Anayekukatalia kabla hujajenga anakutakia mema kuliko anayekupigia makofi, na ukiona umekosea, acha kiburi mapema, kabla mtu mwingine hajalipia kosa lako kwa maisha yake.