Gauni Lisilobana

Wewe hapo, unayesema mgonjwa wa sukari amejitakia mwenyewe: umewahi kuuliza nani alimsaidia kujitakia?

Basi sikiliza. Hapo zamani, na si zamani sana maana bima zilikuwepo, aliishi Pangani fundi cherehani aitwaye Shomari. Mkewe, Bi Kibibi, alikuwa mnene, na kila Idi alipozidi kunenepa watu walimpongeza mume: "Fundi, wewe unajua kutunza!" Shomari akitabasamu, tepu ya kupimia shingoni.

Sukari ikaja, presha ikafuata, figo zikachoka. Bi Kibibi akawa wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Akiba ikaisha. Hospitali ikasema Jumatatu asiletwe bila malipo.

Vilibaki vitu vitatu vya kuuza: kiwanja cha mwanawe Abdulrazak, banda la mikate la Mwanahawa, mdogo wake Bi Kibibi, na chumba cha kushonea cha Shomari. Wakakubaliana: auze yule aliyemfikisha mgonjwa hapa.

"Ni wewe, mama mdogo," alisema Abdulrazak. "Mkate wa kumimina, sukari tele, kila asubuhi. Mama akikataa, unanuna wiki nzima."

"Tena ufyate ulimi, Abdu! Mimi nilileta mkate, wewe ulileta nini? Bima ya kazini kwenu ilikubali mzazi mmoja. Ukaandika mama mkwe!"

"Mama alikuwa haumwi!"

"Ulijuaje, na hana bima ya kwenda kupimwa?"

Shomari alikuwa akitunga uzi kwenye sindano iliyokwisha kutungwa.

Sauti ya Bi Kibibi ikatoka kitandani. "Acheni kelele. Nilikula kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini jamani, nesi nilimsikiliza. Miaka sita iliyopita aliniambia, 'Bi mkubwa, nyumbani huna mzani. Ukiona nguo inakubana, rudi upesi.' Nikajipima kwa gauni langu la zambarau. Kila Idi nalivaa, halibani. Nikajua niko vile vile."

Mwanahawa akacheka, cheko la uchungu. "Gauni gani hilo la miujiza?"

Sindano ikamchoma Shomari kidole. Alivijua vipande vyote alivyoongeza kwapani mwa gauni lile, mwaka hadi mwaka, kwa mshono ambao hakuna mteja aliyewahi kuupata kwa pesa. Angeweza kunyamaza. Cherehani zingebaki. Hawa wawili wangeendelea kuumana hadi mmoja auze, na Kibibi angekufa akijilaumu peke yake.

"Nililipanua mimi," akasema.

"Unasemaje, baba?"

"Gauni. Kila mwaka, kabla ya Idi." Hakumtazama mwanawe, alimtazama mkewe. "Lile la kijani lilipokubana ulilia siku nzima, Kibibi. Sikutaka ulie tena. Na nilipenda wanavyosema natunza." Akajifuta damu kidoleni. "Maneno ya nesi niliyasikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni."

Bi Kibibi akageukia ukutani.

Haya, nyinyi wenye midomo myepesi ya kuhukumu wanene: Jumatatu ni keshokutwa. Je, nani auze?