Kadi Ndani ya Mkoba wa Verna

Jumamosi ya tarehe saba Februari 2015, saa tisa na robo alasiri, Verna Hnatyk aliteleza katika mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu na kuyafagilia njia, katika mji wao mdogo jimboni Saskatchewan, akagonga kisogo. Kishindo kilikuwa hafifu kama kopo lililoanguka jikoni. Akainuka akicheka.

"Barafu imenibusu, mzee wangu," alimwambia mumewe, Orest. "Usinikodolee macho. Shika fagio lako tumalize."

Walishinda. Na mila ya mchezo ule ni kwamba mshindi haondoki kabla ya kuketi na aliyemshinda na kumnunulia kinywaji. Orest alimwona mkewe akijipapasa kisogo. Kwa sababu ya vali ya chuma iliyokuwa moyoni mwake, Verna alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia damu isigande. Akijikata kwa kisu cha viazi, damu ilichuruzika nusu siku.

"Twende zetu," Orest alisema.

"Tukimbie kama tumeuiba ushindi? Ngoja kidogo."

Lyle, nahodha wa walioshindwa, akadakia, "Ngoja, bwana. Miaka sita nakununulia wewe bia. Leo zamu yako imefika, unatafuta mlango?"

Orest akacheka, akangoja.

Saa kumi na moja Verna aliiita glasi kofia. Orest akamkimbiza garini. Hospitali ya mji ilikuwa mkabala na uwanja, lakini mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi: huduma ya dharura imefungwa hadi Jumatatu. Akapiga simu ya dharura. Sauti ikamwambia angoje, gari la wagonjwa linatoka mji wa jirani. Alingoja dakika arobaini na tano, kichwa cha mkewe kikizidi kuwa kizito begani mwake. Kisha zikafuata kilomita mia moja na thelathini za theluji hadi hospitali kubwa.

Daktari alimdunga Verna dawa ya kuirudishia damu uwezo wa kuganda, lakini damu ilikuwa imekwisha kujaa fuvuni.

"Angeletwa mara tu alipoanguka," daktari alisema akitazama sakafu, asiimalize kauli yake.

Baada ya mazishi, Orest aliendelea kupika supu nyekundu ya viazi sekundu katika sufuria ile ile kubwa ya watu wawili, akaimwaga nusu kila Alhamisi. Ndani ya mkoba wa marehemu alikuta kadi ya vidonge vyake: *Ukigonga kichwa, usisubiri dalili. Nenda hospitali mara moja.* Orest aliishia darasa la sita, lakini maneno yale hakuhitaji kuyasoma mara mbili.

Mwezi Aprili mkuu wa afya, tai shingoni, aliwakutanisha wananchi palepale uwanjani, barafu ikiwa imeyeyushwa. "Tunatafuta wauguzi," alisema. "Tunawaomba mngoje kidogo."

Orest alisimama. "Mke wangu alingoja, bwana mkubwa. Karatasi ile ya mlangoni, nani aliitia sahihi?"

Mkuu alipekua makabrasha yake. Lyle aliinamisha uso. Orest alitoka peke yake, akakaa garini bila kuliwasha, mkoba wa Verna ukiwa kwenye kiti cha pembeni.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walinena. Lakini ngoja iliyomuua Verna ilikuwa ya nani: ya mwenye tai, ya sauti ya simu, ya Lyle, au ya mume aliyekuwa na ufunguo wa gari mfukoni?