Shikamoo ya Siku ya Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kijiji chenye vinywa mia, salamu hakuna.

Basi, kijiji hicho kilikuwa na zimwi lake na mila yake. Kila mwaka zimwi lilikuja kula mtu. Kila mwaka komiti ya mila ilikaa, ikala pilau, ikachagua mjane asiye na mtoto. Alikalishwa jiweni siku tatu, asisemeshwe. Na siku ya tatu kijiji kizima hakisalimiani, mpaka zimwi lishibe.

"Kwa nini asisemeshwe?" aliuliza Siwema, msichana mteka maji.

"Ndivyo mila ilivyo, fulstopu," alijibu Mzee Makame, mkuu wa komiti. "Atakayemsemesha atakaa naye."

Mwaka ule akachaguliwa Bi Kazija, mkunga aliyewapokea duniani watoto wa wanakomiti wote. Ahsante yao hiyo.

Siku ya kwanza Siwema akapita, akatua ndoo. "Shikamoo, bibi." Bi Kazija akatazama chini.

Siku ya pili akatua ndoo. "Shikamoo, bibi." Bi Kazija akalia.

Siku ya tatu akatua ndoo mbele ya watu wote. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Watu wakaziba vinywa. Mzee Makame, kwa kuwa siku hiyo hasemi mtu, akamwonyesha jiwe kwa fimbo. Siwema akaketi.

Zimwi likaja. Likamnusa Bi Kazija, likatema mate. "Huyu kaamkiwa, naye kaitikia. Mimi sili mwenye mtu."

Likamnusa Siwema. "Huyu naye kaitikiwa."

Likageuka, likanusa kijiji. Likacheka mpaka mapaa yakatikisika.

"Kumbe leo hajasalimiwa hata mmoja! Miaka yote mnanipikia sungura mmoja, kumbe nanyi wote mmeiva."

Zimwi likamkamata Mzee Makame shingoni.

"Shikamoo, babu," akasema Siwema.

Mzee kimya. Mila.

"Shikamoo, babu."

Fimbo ikamdondoka.

"Shikamoo, babu."

"Ma... marahaba," akalia kama kifaranga.

Mkono wa zimwi ukafunguka wenyewe. Hapo kijiji kizima kikalipuka kwa salamu, hata mawifi waliokuwa wamenuniana miaka saba. Zimwi likaondoka na njaa yake, halikurudi tena.

Hadithi yangu imeishia hapo jiweni, mwenye masikio aibebe. Mila ikikukataza kumjulia hali mwenzako, uliza kwanza: anayeshiba ni nani?