Zamu ya Mlango Siku ya Tufani

Naileta!

"Ilete!"

Nikiileta mtakaa nayo?

"Tutakaa!"

Hata upepo ukivuma?

"Hata ukivuma!"

Haya. Na wewe unayechomoachomoa ukili wa mkeka wangu, acha. Ngano hii inakuhusu wewe kuliko wote hapa.

Hapo kale, kale hasa, kabla wanyama hawajapata sura walizo nazo leo, alikuwako Nungunungu mmoja, jina lake Saumu. Wakati huo nungunungu hakuwa na miiba. Alikuwa na manyoya marefu, laini, ukiyashika unatamani kulala. Saumu aliishi shimoni kando ya mto pamoja na mama yake, Bi Mboni. Bi Mboni alikuwa kikongwe, mcheshi, mdomo haufungi, lakini mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Hawezi kwenda mbali mpaka abebwe.

Nchi hiyo ilikuwa na tufani. Sisemi mvua hizi zenu za kukimbilia barazani. Tufani! Upepo unang'oa mti, unauzungusha, unautupa kijiji cha pili. Kwa hiyo wanyama walikuwa na pango juu ya kilima, pango la wote, na penye mdomo wa pango waliweka mlango wa fito. Mlango ule haukuwa na komeo. Ulizuiwa kwa mgongo.

Sasa tegeni masikio, maana pango lilikuwa na sheria mbili, na hizo ndizo zilizoleta balaa.

Sheria ya kwanza: mlango ni zamu. Palitundikwa kibuyu chenye tundu chini, kimejazwa maji. Maji yakichuruzika mpaka yakaisha, zamu yako imekwisha, mwenzako anapokea. Na ni marufuku kuuacha mlango kabla hujapokewa.

Sheria ya pili: kwa kuwa tufani ni ndefu na inachosha roho, kila mmoja aje na burudani yake ya kupitishia wakati. Na aliye katika burudani yake hasumbuliwi.

Sheria nzuri, au sivyo? Nzuri sana. Basi ngojeni muone walivyozifanya.

Asubuhi moja upepo ukaanza kupiga mluzi. Saumu akatwaa kapu la viazi vikuu, akasema, "Mama, natangulia na chakula. Nikishatua kapu, narudi kukubeba."

"Nenda, mwanangu," akasema Bi Mboni. "Mimi na mguu wangu tutakungoja. Kwani tunakwenda wapi?"

Saumu akapanda kilima. Hata nusu ya njia hajafika, tufani ikashuka. Alifika pangoni anatambaa. Ndani akawakuta watatu.

Wa kwanza alikuwa Nyani, na bao lake. Alicheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na wa kulia ukiufokea wa kushoto kwamba unaiba kete.

Wa pili alikuwa Kobe. Siku hizo Kobe mgongo wake mtupu, kama wa chura. Yeye burudani yake ilikuwa kuokota vigae vya mitungi iliyovunjika na kuviunga kwa udongo mbichi, apate mtungi mmoja mkubwa wenye marakaraka. Alikuwa ameanza mwaka juzi.

Wa tatu alikuwa Fisi, na zeze. Wimbo hajawahi kupiga hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kukaza uzi na kuulegeza, anatafuta sauti. "Uuu... uuu-wi! Bado. Uuu... uuu-wi! Karibu."

Na mlango je? Mlango wameuegemeza kijiti. Saumu alipoingia tu, kijiti kikakatika.

"Ala! Amekuja!" akasema Nyani bila kuinua macho. "Bi Saumu, umekuja na burudani gani?"

"Nimekuja na viazi."

"Basi huna kazi. Shika mlango."

Saumu akaupa mlango mgongo. Akasema, "Nitashika zamu hii moja. Kibuyu kikiisha, mmoja wenu apokee, nikamchukue mama. Yuko shimoni kando ya mto."

"Bila shaka," akasema Nyani.

"Ubinadamu huo," akasema Kobe.

"Uuu-wi," akasema Fisi.

Basi Saumu akashika. Upepo unasukuma, yeye anasukuma. Kati ya fito palikuwa na upenyo, na kwenye upenyo huo aliuona mto kule chini. Chini ya shimo la mama yake palikuwa na jiwe jeupe. Juu ya jiwe, kisiki. Juu ya kisiki, mzizi wa mkuyu, na penye mzizi ndipo palipo mlango wa shimo.

Kibuyu kikaisha. Saumu akatazama nje. Maji yamelimeza jiwe. Akaimba, na ninyi itikieni "pokea":

*Mlango wangu, ndugu, pokea!*
*Maji yako jiweni, pokea!*
*Mama yuko shimoni, pokea!*
*Nikamtoe, pokea!*

Nyani akasema, "Mkono huu tu nimalizie. Huyu wa kushoto anataka kunifunga, na mimi sijawahi kufungwa."

"Bwana Nyani, mama yangu atakufa maji!"

"Mkono mmoja, Bi Saumu! Tena sheria unaijua. Aliye katika burudani yake hasumbuliwi. Wewe si huna kazi? Jaza kibuyu."

Hana kazi! Mgongo wake umechubuka, na hana kazi. Saumu akahisi manyoya ya shingoni yanasimama. Akajaza kibuyu kwa mkono mmoja.

Akashika zamu ya pili. Upepo unasukuma, yeye anasukuma. Kibuyu kikaisha. Akatazama nje. Maji yamekimeza kisiki. Akaimba:

*Mlango wangu, ndugu, pokea!*
*Maji yako kisikini, pokea!*
*Mama yuko shimoni, pokea!*
*Nikamtoe, pokea!*

Kobe akashusha pumzi, kama mtu aliyeombwa figo. "Dada yangu, ningekuja. Wallahi ningekuja. Lakini udongo nimeshaukanda. Nikiuacha utakauka, na udongo ukikauka ni hasara. Kigae hiki, na hiki, basi."

"Udongo?" akasema Saumu. "Udongo na mama yangu?"

"Unaona unavyopandisha? Nikupe ushauri wa bure. Ungejitafutia burudani kidogo, usingekuwa na hasira hivyo. Burudani inatuliza."

Jamani! Mtu anazama, anashauriwa atulie. Manyoya ya mgongoni yakasimama, moja moja. Saumu akajaza kibuyu.

Akashika zamu ya tatu. Kibuyu kikaisha. Akatazama nje. Maji yameugusa mzizi. Sauti ilikuwa imemkauka, akaimba hivyo hivyo:

*Mlango wangu, ndugu, pokea!*
*Maji yako mzizini, pokea!*
*Mama yuko shimoni, pokea!*
*Nikamtoe, pokea!*

"Sss!" akasema Fisi. "Umenipotezea sauti! Nilikuwa nimeshaikaribia, wewe!" Na mdomo wake umejaa. Unajua umejaa nini? Viazi vya Saumu. Kapu walikuwa wamelivuta zamani, wanakula huku wanaburudika. "Kwanza mama yako ni mtu mzima," akasema Fisi, anatafuna. "Ameona tufani ngapi yule? Atajua la kufanya. Shika mlango, upepo unanilegezea uzi."

Ndipo manyoya ya Saumu yakasimama yote, kuanzia kisogoni mpaka mkiani.

Lakini hakupiga kelele. Aliwatazama mmoja mmoja, akasema taratibu, "Kobe amesema kweli. Nahitaji burudani. Na nimeipata."

"Enhe, afadhali," akasema Kobe. "Burudani gani?"

"Kupima kina cha mto. Tangu asubuhi naupima kwa macho. Sasa naona nikaupime kwa miguu."

"Na mlango?" akauliza Nyani.

"Mlango? Mimi niko katika burudani yangu, Bwana Nyani. Aliye katika burudani yake hasumbuliwi. Wenye kushika mlango ni wasio na kazi. Ulizaneni ni nani."

Akaondoa mgongo, akapita.

Lo! Tufani iliingia pangoni bila hodi. Ikalinyanyua bao, kete zikatawanyika huku na huko, nyingine zikatoka nje, zikaporomoka kilimani na kuingia chini ya mawe. Ikakumba mtungi wa Kobe, vigae vyote na udongo wake mbichi vikamvamia mwenyewe mgongoni, pa! pa! pa! vikaganda. Ikavuta uzi wa zeze ukakatika, sauti ikapotea kabisa. Wale watatu wakapiga mayowe. Wakarukia mlango, wakaupa migongo, wakausukuma kwa nguvu ambazo asubuhi yote walikuwa hawana.

Saumu hakugeuka nyuma. Alishuka kilima anaviringika, anasimama, anaviringika. Akafika mtoni. Shimo limejaa. Mama haonekani.

"Mama!" akaita. "Mama we!"

"Usinipigie kelele, mguu ndio mbovu, masikio mazima," ikajibu sauti. Bi Mboni alikuwa ameukumbatia mzizi wa mkuyu, maji yamefika kidevuni, midomo imekuwa ya buluu. "Umechelewa, mwanangu. Nilishaanza kuzoeana na samaki."

Saumu akalia palepale ndani ya maji. Alilia kwa furaha na kwa hasira, yote mawili. Akambeba mama yake kifuani, maana mgongoni, siku hiyo, hapakuwa tena mahali pa kubebea mtu. Manyoya yalikuwa yamesimama na hayataki kulala. Akapanda kilima. Alianguka mara tatu, akainuka mara tatu, akaufikia mlango.

"Fungueni!"

"Nani?"

"Saumu na mama yake."

Nyani akasema kutoka ndani, "Hatuwezi. Tukiuacha, upepo utaingia."

"Vitu vyetu vimeshaharibika," akasema Fisi. "Umetuponza wewe."

Na Kobe, mpole yule, mwenye ushauri wa bure, akasema, "Tena sheria unaijua, dada. Ni marufuku kuuacha mlango kabla hujapokewa. Sisi nani atatupokea?"

Mnasikia maneno hayo? Niambieni mngefanya nini. Mimi ningevunja kilima.

Saumu alimweka mama yake pembeni ya mwamba. Kisha akasema, "Ni kweli. Ni sheria. Basi nimekuja kuwapokea."

Akageuka, akaupa mlango mgongo, akasukuma.

Manyoya yale yaliyosimama tangu asubuhi, yakaloa, yakapigwa na upepo, yakakauka kwa hasira, yalikuwa si manyoya tena. Yalipita kati ya fito kama sindano katika gunia. Ndani kukasikika "Uwii!" la kwanza, "Uwii!" la pili, "Uuu-wi!" la tatu. Mlango ukafunguka. Saumu akamwingiza mama yake.

Bi Mboni akakaa chini, anachuruzika maji. Akatazama kete zilizomwagika. Akatazama zeze lisilo na uzi. Akatazama kapu lake la viazi, tupu. Kisha akainua macho kwenye kibuyu, nacho hakina hata tone.

"Kibuyu kimeisha," akasema. "Zamu ya nani?"

Hakuna aliyetaja burudani. Wote watatu waliukimbilia mlango, wakagongana vichwa. Wakaushika mpaka jioni, na migongo yao ile ile iliyochomwa.

Tufani ilipotulia, kila mmoja alitoka na lake. Nyani alikwenda mawe kwa mawe, anayapindua, anatafuta kete zake. Mpaka leo ukimkuta porini anapindua mawe, na mvua ikinyesha hukaa nje amejikunyata, maana pangoni anaona haya. Kobe vigae havikumtoka mgongoni. Akawa na nyumba ya peke yake, mlango wake anajifungia mwenyewe, hakuna wa kumshikia. Fisi naye mtamsikia, anaanzia chini, anapandisha: uuu... uuu-wi! Anaitafuta ile sauti. Hajaipata.

Na Saumu? Hasira za siku ile hazikulala, na manyoya hayakulala. Ukimsumbua atakuonyesha mgongo. Usidhani amekukimbia. Anakupokea zamu.

Kucheza si kosa, wanangu. Chezeni bao, pigeni zeze, ungeni vigae mpaka mzeeke. Kosa ni kustarehe nyuma ya mgongo wa mwenzako, halafu ukamwambia hana kazi. Zamu yako ikifika, inuka.

Nimeileta, nimeitua. Anayeitaka aibebe, na asiyeitaka aniachie mkeka wangu.

Haya, wewe mchomoa ukili, inuka. Kafunge mlango, upepo unaingia.